Nani tena? Grupu za simu zilivyomsahau msomaji

Mwezi uliopita nilikosa maziko ya mwalimu wangu wa chuoni, mzee aliyenifunza alifu na be nikiwa sijaota meno ya pili. Si kwamba sikupewa habari. Tanzia iliwekwa kwenye grupu la mtaa saa mbili kasoro asubuhi, na maziko yalikuwa baada ya Adhuhuri. Nilikuwa kazini. Saa tano nilipopata upenyo wa kufungua simu, nikakuta jumbe mia mbili na ushei. Zile za mwisho, yapata hamsini, zilikuwa ni "Mungu amrehemu", "Poleni wafiwa", "Ametangulia nasi tuko nyuma yake". Hakuna hata mmoja aliyetaja jina la marehemu. Juu yake kulikuwa na mabishano ya siasa, mtu anauza friji, na video ileile imetumwa mara tatu. Nikadhani ni msiba wa juzi, watu bado wanatoa pole. Nikafunga simu.

Jioni nikamuuliza mtoto wa ndugu yangu, ambaye ni mmoja wa maadmini.

"Ilikuwepo, Ami," akanijibu. "Ungepanda juu kidogo tu."

Kidogo! Jambo lililonikaa moyoni ni hili: tanzia ilizikwa na rambirambi zake zenyewe. Kila aliyeomba dua aliisukuma habari hatua moja zaidi mbali na macho ya aliyekuwa hajaiona. Na anayeuliza "Nani tena?" naye anaongeza ujumbe mwingine juu ya rundo.

Tumezoea kuwalaumu watu. Wanaongea sana, wanatuma ovyo, admini amelala. Mimi nimeanza kuilaumu sura ya programu zenyewe, maana zimeundwa kwa anayetuma. Kisanduku cha kuandikia kipo mbele yako muda wote, kipaza sauti kando yake, picha mguso mmoja. Msomaji amewekewa mstari mmoja tu, wa kwanza juu, wa mwisho chini, tanzia na friji vikiwa na ukubwa uleule. Kwa watu kumi wa nyumba moja hilo halina neno. Lakini grupu la WhatsApp lililokuwa na kikomo cha watu 256 mwaka 2016 lilifikishwa 1,024 mwaka 2022. Chumba kimepanuliwa mara nne, na mlango ni uleule.

Barazani kwetu hatufanyi hivyo. Mtu akija kachelewa, akishasalimu ataambiwa na aliye karibu: fulani amefariki, anazikwa saa saba, hawa wengine wanabishana mpira, waache. Kwa sentensi mbili ameingia kwenye mazungumzo. Hakuna anayemtaka asikilize upya maneno yote tangu asubuhi.

Wala hili si tatizo jipya lisilo na dawa. Usenet, mtandao wa majadiliano ulioanza Marekani kati ya 1979 na 1980, ulikumbwa na mafuriko hayahaya. Mwaka 1984 Larry Wall akatoa programu ya kuusomea, iliyoitwa rn. Ilikuwa maandishi matupu, bila picha, lakini ilimheshimu msomaji: ilikumbuka ulichokwisha kukisoma, na ukichoshwa na mada fulani ungeiamuru isikuoneshe tena, huku mengine yakiendelea kukufikia. Programu iliyoifuata, trn, ikachora pembeni mti mdogo wa matawi unaoonesha nani amemjibu nani. Leo simu yangu ina nguvu kushinda kompyuta zote za chuo kikuu cha wakati ule, na bado siwezi kunyamazisha mabishano ya siasa bila kunyamazisha na tanzia.

Hatua zipo, nisiwe mkosa shukrani. Tangu Novemba 2022 Telegram huruhusu makundi makubwa yagawanywe kwa mada. WhatsApp nayo ina njia ya kubandika ujumbe juu, na ya kuwazuia wasio maadmini kuandika. Wengi mitaani wameikimbilia hii ya pili, wakafungua grupu la matangazo peke yake. Inasaidia, ila inatufunga midomo, na msibani watu wanataka kusema neno.

Halafu kuna sauti. Wazee wetu hawaandiki, wanazungumza dakika tatu, na habari yenyewe iko dakika ya pili na nusu, baada ya salamu. Msomaji hawezi kuipitisha jicho sauti. WhatsApp ilipotangaza mwaka 2024 kuwa itageuza jumbe za sauti kuwa maandishi, Kiswahili hakikuwa miongoni mwa lugha za mwanzo. Hapo vijana wetu wanaoandika programu, wale wanaokutana Swahilipot pale karibu na Fort Jesus na kwengineko, wana kazi ambayo mgeni hataifanya vizuri, kwa sababu mashine italazimika kumwelewa bibi wa Kimvita na si mtangazaji wa redio.

Baada ya kadhia yangu, maadmini waliagiza kwamba tanzia ikitolewa watu waiguse tu na kuweka alama ya mikono ya dua, wasiandike. Kwa akili ya mpangilio wa skrini ni sawa kabisa: pole inabaki chini ya habari yake, haiipandi kichwani. Siku mbili tu mzee mmoja akatuma sauti, dakika nne. Akasema yeye hajawahi kumfariji mfiwa kwa kidole na hataanza uzeeni.

Kijana wangu alicheka. Mimi nilimwambia mzee ana haki. Tunachotaka ni sehemu ya kusema pole kwa maneno kamili, yakakunjwa chini ya jina la marehemu na saa ya maziko, anayetaka ayafunue, na jina lenyewe lisisogee mpaka saa hiyo ipite. Nikamchorea nyuma ya risiti ya duka. Akaitazama, akaigeuza upande wa bei, akaigeuza tena.

"Hii si ngumu, Ami," akasema. "Sijui kwa nini hawajaifanya."