Gari Haliwaki Baada ya Kubadilisha Injini? Usikimbilie Kununua ya Pili



Nimechoka kuona kirikuu zimeegeshwa chini ya miembe na injini "mpya" kutoka Kariakoo ambayo haijawaka hata siku moja. Nyanya zinaiva shambani, marejesho ya kikundi yanasubiriwa, na fundi ana jibu moja tu: "Injini hii mbovu, lete nyingine." Leo nasema wazi: kabla hujatoa hata shilingi ya injini ya pili, kataa jibu hilo. Mara nyingi kibovu si chuma. Kibovu ni namna kilivyouzwa na namna kilivyofungwa.

Tazama biashara ya Mtaa wa Gerezani inavyokwenda. Unashuka, winga anakupokea, anakupeleka kwenye duka ambalo si lake na anaongeza cha juu chake. Unaonyeshwa injini sakafuni, imeoshwa inang'aa, lakini nyaya zake zimekatwa karibu kabisa na soketi. Kontroli boksi haipo. Ukiuliza unaambiwa inauzwa peke yake. Ukutani pamebandikwa karatasi: mali ikishauzwa hairudishwi. Hapo umenunua mwili usio na ubongo wala mishipa.

Chukua K6A, injini iliyomo kwenye kirikuu nyingi. Jina hilohilo la K6A limefungwa kwenye Suzuki Carry, Wagon R, Alto na Jimny. Nyingine zina tabo, nyingine hazina. Sampu, sensa na soketi zinaweza kutofautiana. Anayekuambia "K6A ni K6A tu" ni sawa na anayekuambia mahindi ni mahindi tu. Kila msimu nawaambia mtunze risiti na mfuko wa mbegu, na mtazame lebo ya TOSCI. Mbona kwenye injini ya mamilioni tunanunua kwa mdomo?

Basi kama gari limeshakwama, fanya hivi kwa mpangilio. Weka gia huru, vuta hendibreki, na usisogeze moto karibu na mafuta.

1. Starta haizungushi injini, inagonga "tak" tu. Anza na betri. Ikiwa imetulia na imejaa inasoma karibu volti 12.6. Ikishuka chini ya 9.6 starta inapovuta, ichaji na uipime upya. Betri ikiwa nzima, chukua waya wa kuwashia gari kwa gari, unganisha hasi ya betri moja kwa moja na chuma cha injini, kisha washa. Ikizunguka, tatizo ni waya wa ethi kati ya injini na bodi. Huu ndio waya unaosahaulika mno injini inaposhushwa, au unafungwa juu ya rangi na kutu. Kama ni gari la otomatiki, hakikisha liko P au N na waya wa swichi ya gia umechomekwa. Vyote vikiwa sawa, zungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli ya krenki. Ikigoma, shusha starta ujaribu tena, maana huenda ndiyo iliyong'ang'ania. Ikiendelea kugoma, hapo ndipo unaweza kuanza kuishuku injini.

2. Inazunguka lakini haiwaki, injini ya petroli. Fungua swichi bila kupiga starta. Je, taa ya injini kwenye dashibodi inawaka? Isipowaka, angalia kwanza kama balbu imekufa. Kama ni nzima, huenda kontroli boksi haipati umeme: fuatilia fyuzi, rilei na ethi yake. Je, taa ya ufunguo inamwekamweka? Basi boksi haliutambui ufunguo, na hata ukibadilisha injini kumi hazitawaka. Kwenye gari nyingi unapofungua swichi unasikia pampu ya mafuta ikivuma kwa sekunde mbili hivi. Usipoisikia, pima umeme kwenye soketi ya pampu. Kisha angalia cheche kwenye plagi. Cheche isipokuwepo, kagua soketi ya sensa ya krenki kabla ya kununua koili.

3. Inazunguka lakini haiwaki, injini ya dizeli kama 3L au 5L ya Toyota. Hakikisha waya wa vali ya umeme juu ya pampu unapata volti 12 swichi ikiwa wazi. Bila huo, dizeli haipiti. Halafu toa hewa: legeza nati za bomba kwenye nozeli, piga starta mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Pima hita pia.

Fundi ambaye hajapita hatua hizi hana haki ya kuihukumu injini. Fundi asiye na mita ya umeme anabahatisha kwa pesa yako.

Wauzaji nao wana hoja, nisiwanyime. Wanasema mafundi wengine huunguza kontroli boksi kwa kuunganisha nyaya kwa kubahatisha, au huchomoa sensa nzima na kurudisha mbovu. Ni kweli, yanatokea. Lakini dawa yake si karatasi ya ukutani. Dawa ni kuweka alama ya rangi kwenye injini na vifaa vyake, na kuandika siku za majaribio. Muuzaji anayeiamini mali yake ataogopa nini kuandika siku saba?

Na sheria haijakuacha. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba ukimweleza mfanyabiashara kazi unayotaka bidhaa ifanye na ukategemea ujuzi wake, bidhaa hiyo inapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo andikisha kazi hiyo kwenye risiti: "injini ya kufungwa kwenye Suzuki Carry", pamoja na modeli ya gari. Tume ya Ushindani, FCC, nayo ina jukumu la kumlinda mlaji. Lakini utakwenda huko na nini mkononi kama ulikubali kununua bila risiti ili upunguziwe bei?

Risiti ya EFD ina kazi nyingine. Kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadilisha injini, peleka taarifa TRA na uthibitisho wa ulikoinunua. La sivyo, siku ya kuuza gari au ya kukaguliwa barabarani utaonekana mwizi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa Gerezani, dai haya: injini iwashwe mbele yako, au ipimwe mgandamizo, nyaya zake zote zikiwa nzima, kontroli boksi na ufunguo wake kama inautumia, namba ya injini kwenye risiti, na siku za majaribio kwa maandishi. Nenda na picha ya injini ya zamani na soketi zake.

Akikataa, ondoka. Kariakoo haina duka moja. Nauli ya kurudi mara ya pili ni ndogo kuliko msimu mzima wa nyanya kuozea shambani.