Aliyepiga goti ulingoni ni jirani yako



Mwezi Julai 2025 nilikwenda Kariakoo kutafuta kitambaa cha kushonea kanzu za watoto wanaotumikia altareni. Nilipomaliza manunuzi nikasimama kwenye kijiwe cha kahawa karibu na Mtaa wa Kongo, nipumzishe miguu. Vijana walikuwa wanabishana kwa sauti. Nilidhani ni Simba na Yanga, kumbe ni ngumi. Jumamosi iliyofuata, Julai 19, 2025, Oleksandr Usyk wa Ukraine na Daniel Dubois wa Uingereza walikuwa wakutane katika Uwanja wa Wembley, London, kugombea mikanda yote minne mikubwa ya uzito wa juu.

Ubishi wenyewe una historia. Walipopigana mara ya kwanza, Agosti 2023 huko Poland, Dubois alimwangusha Usyk katika raundi ya tano. Mwamuzi akasema ngumi ile ilipigwa chini ya mkanda, akampa Usyk muda wa kupumua. Usyk akainuka na kushinda katika raundi ya tisa. Hadi leo nusu ya dunia inasema Dubois alidhulumiwa, na nusu ya kijiwe kile pia.

Kijana mmoja, machinga mwenye mzigo wa soksi begani, ndiye aliyefunga mjadala. "Dubois ni mwoga tu," akasema. "Mwanaume gani anapiga goti mwenyewe?" Wote wakacheka. Kisha akanionyesha mkeka wake kwenye simu. "Shikamoo Padri, ona. Nimeweka Usyk anammaliza kabla ya raundi ya nane."

Nilirudi parokiani na neno lile la goti. Ni kweli, Dubois alipiga goti. Ilikuwa Novemba 2020, London, alipopigana na Joe Joyce. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi kufumba. Katika raundi ya 10 akapigwa tena palepale, akapiga goti, akamwacha mwamuzi ahesabu mpaka 10. Walimwita mwoga, wakiwamo mabondia wenzake. Baadaye hospitali ikaona kwamba mfupa unaozunguka jicho umevunjika. Alikuwa na miaka 23.

Tusiwanyooshee kidole Waingereza peke yao. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wetu alikwenda Birmingham, akamsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili, na nchi nzima ikamwita shujaa. Septemba 2022 akarudi Uingereza kupigana na Liam Smith, pambano likaisha katika raundi ya nne, naye akasema ameumia mguu. Watu walewale walimgeuza kichekesho. Hakuna aliyeuliza kwanza mguu unaendeleaje.

Na yupo ambaye hatuwezi tena kumuuliza hali. Desemba 28, 2024, hapa hapa Dar es Salaam, Tandale, bondia Hassan Mgaya alipanda ulingoni kupigana na bondia kutoka Namibia. Aliangushwa, na kesho yake akafariki. Simlaumu aliyempiga, kwa kuwa alifanya kilichomleta. Najiuliza tu sisi tunaokaa kwenye viti tulipaza sauti ya namna gani usiku ule, na usiku mwingine wowote.

Injili ya Dominika ile ilikuwa ya Msamaria Mwema. Mwanasheria anamuuliza Bwana Yesu jirani yake ni nani, na Yesu anamjibu kwa habari ya mtu aliyepigwa na kuachwa njiani akiwa nusu mfu. Kuhani, mtu wa kazi yangu, akampita. Mlawi naye akampita. Nimehubiri Injili hii miaka mingi, na mwaka ule nikaona kitu ambacho sikukiona zamani. Katika mfano ule wamo waliompiga mtu na wamo waliompita. Hawamo watu waliolipa kiingilio wakakaa kumtazama. Sisi hatukumpita. Tulisimama, tukaagiza soda, tukaweka fedha juu ya raundi atakayoanguka.

Nakiri kosa langu mwenyewe. Nikiwa kijana, likizo ya seminari, tulilipa kuona mkanda wa video wa Mike Tyson na Michael Spinks, pambano la Juni 1988. Liliisha kwa sekunde 91. Spinks amelala chini, na sisi waseminari tunalalamika kwamba hata soda hatujaimaliza. Sikumbuki yeyote kati yetu aliyeuliza kama yule mtu aliamka salama.

Utaniambia, "Padri, hawa wamekubali wenyewe, na ndiyo riziki yao." Ni kweli. Ninawajua vijana ambao mazoezi ya ngumi ya mtaani yamewaokoa na unga na wizi. Mtakatifu Paulo mwenyewe alichukua mfano wa mpiga ngumi kueleza jinsi anavyoutiisha mwili wake. Wapo Wakatoliki wenye elimu kubwa, kama Wajesuiti wa jarida la La Civiltà Cattolica, waliokwisha kuandika kwamba ngumi za kulipwa haziwezi kutetewa kimaadili. Mimi leo sikuamuru uzime televisheni. Ninasema hivi: bondia amekubali kupigana, hajakubali kufa. Saini yake kwenye mkataba inamfunga yeye na promota. Haikutoi wewe katika amri ya kumpenda jirani.

Ndiyo maana ule mkeka umenisumbua kuliko ubishi. Ukiweka fedha kwamba mtu ataanguka kabla ya raundi ya nane, umejipa faida katika kuanguka kwake. Akiyumba, utafurahi. Akijikaza na kusimama, utamchukia, ingawa hajakukosea lolote. Moyo uliofundishwa hivyo Jumamosi usiku unakuja vipi kupeana amani na wengine Jumapili asubuhi?

Wazee wenzangu watakumbuka Kinshasa, Oktoba 30, 1974, Muhammad Ali na George Foreman. Uwanja mzima ulikuwa unaimba kwa Kilingala, "Ali boma ye", yaani Ali, muue. Foreman alianguka katika raundi ya nane. Hakufa. Mwaka 1977 aliacha ngumi akawa mhubiri, akafungua kituo cha vijana huko Houston, akarudi ulingoni, na mwaka 1994 akatwaa tena ubingwa wa dunia akiwa na miaka 45. Alifariki Machi 2025 akiwa na miaka 76. Maelfu wale waliimba kwa furaha tu, hawakuwa wauaji. Lakini fikiri kama mbingu ingewasikiliza: yote aliyoyafanya Foreman baada ya usiku ule yasingekuwapo.

Wala sisemi kwamba vijana wa Kariakoo wana mioyo migumu. Novemba 16, 2024, ghorofa lilipoporomoka palepale Kariakoo, walikuwa watu wa kawaida, wafanyabiashara na wapita njia, waliokimbilia kifusi na kuanza kuchimbua kwa nyundo na kwa mikono mitupu pamoja na waokoaji. Hakuna aliyeuliza aliye chini ni wa dini gani, au ana deni la nani. Walisikia sauti ya mtu, wakachimba. Wale walikuwa Wasamaria. Ninachoomba ni kwamba huruma ile iliyotoka pale kwenye kifusi isiachwe mlangoni tunapoingia ukumbini.

Basi tazama pambano ukitaka, ila mkeka wa nani ataanguka uache. Ukisikia ulimi wako unataka kusema "muue", uuzuie. Ukienda ukumbini hapa jijini, kabla ya kulipa kiingilio muulize promota: daktari yupo? Gari la wagonjwa limesimama nje? Bondia akiumia, nani analipa hospitali? Msamaria hakuishia kumfunga majeraha yule mtu. Aliacha dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kurudi kulipa zitakazozidi. Na siku bondia anapopiga goti, au kona yake inaporusha taulo, mpigie makofi. Ana mama anayemsubiri nyumbani.

Yule kijana wa soksi nilimweleza haya kwa kifupi palepale. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sasa Padri, na hela yangu nimeshaiweka?" Nikanunua soksi jozi tatu, akapunguza bei bila kuombwa, tukaagana vizuri.

Pambano lilikuwa lianze kwetu usiku wa manane. Misa ya kwanza ilikuwa palepale, saa 12 asubuhi. Niliomba waje wote, hata wenye usingizi, na katika nia zao wawaweke Oleksandr na Daniel, warudi nyumbani kwao wote wawili wakiwa wazima, na marehemu Hassan Mgaya pamoja na familia yake.

Dominika njema.