"Borrow" na "Lend"

Wengi wetu hapa shuleni huchanganya "borrow" na "lend", nasi huitwa wavivu. Mimi sikubali. Kosa latoka katika neno letu "azima", maana hilo latazama pande mbili. "Niazime jembe," asema mwombaji, kisha asimulia, "Nimeazima jembe kwa jirani." Mwenye jembe na mwenye shida, neno lao moja. Kiingereza chawatenga: "lend" ni la mtoaji, "borrow" ni la mpokeaji.

Nilipokuwa kidato cha pili niliandika katika insha kwamba baba "lent" fedha kwa mfanyabiashara mmoja wa Ifakara. Mwalimu akauliza mbele ya darasa, "Kumbe baba yako tajiri, akopesha watu?" Wakacheka. Baba ndiye aliyekopa, wakati wa palizi, alipe magunia ya mpunga wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa. Mimi sikucheka.

Heri tungefundishwa kwa "kopa" na "kopesha". Hapo Kiswahili chenyewe kimekwisha tenga, na mtoto wa mkulima wa bonde la Kilombero hasahau nani kakopa na nani kakopesha.

Atakayeniambia "borrow me a pen" nitampa kalamu, ila kwanza nitamweleza habari hii.