Programu Huanza kwa Kalamu

Katika shule yetu, kama ilivyo katika shule nyingi, wanafunzi ni wengi na kompyuta ni chache. Zamu ya mtu ikifika hupata dakika chache tu, na mara nyingine umeme hukatika kabla hajamaliza. Kwa sababu hiyo wenzetu wengi husema kwamba kuandika programu ni somo la watoto wenye kompyuta nyumbani, na sisi wengine yatutosha kujifunza kupiga chapa. Maneno hayo nayapinga.

Programu ni nini? Ni maagizo yaliyopangwa kwa utaratibu, ambayo mashine huyafuata moja baada ya moja, bila kuongeza wala kupunguza. Mwenye kuyapanga ni mtu, na kazi hiyo huanza kichwani. Mwaka 1843 bibi mmoja wa Uingereza, Ada Lovelace, alichapisha maagizo ya kukokotoa namba za Bernoulli kwa mashine iliyobuniwa na Charles Babbage. Mashine yenyewe haikumalizika kuundwa. Ikiwa bibi huyo aliweza kazi hiyo bila mashine, sisi twashindwaje kuanza kwa kalamu na karatasi?

Tuchukue mfano. Twataka kujua alama ya juu kabisa katika orodha ya darasa. Mtu hutupa jicho akasema, "Ni hii." Mashine haina jicho, sharti iambiwe hivi: Shika alama ya kwanza, uiite kubwa. Tazama inayofuata, ikiwa yaizidi kubwa, iweke mahali pake. Rudia mpaka orodha iishe. Sasa andika 47, 62, 58, 71, uyafuate maagizo hayo kwa penseli. Kubwa itakuwa 47, kisha 62, itabaki 62, na mwisho 71. Hapo umekwisha kujifunza kuweka thamani, kuchagua na kurudia, mambo ambayo utayakuta tena katika Python na katika lugha nyingine nyingi za kompyuta.

Au fikiri daftari la majina 1000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Ukitafuta jina moja moja toka mwanzo, huenda ukasoma yote. Lakini ukifungua katikati, ukaacha nusu isiyo na jina lako, ukaendelea kugawa vivyo hivyo, hutazidi kusoma majina 10. Tofauti hiyo yaletwa na akili ya aliyetoa maagizo.

Wako watakaosema kuwa karatasi haitoshi. Ni kweli. Mashine ni mwalimu asiye na upendeleo, na makosa tusiyoyaona yeye huyafichua. Basi sisemi tuziache kompyuta, bali tuziendee tukiwa tayari. Mwenye programu aliyokwisha kuipima daftarini atafaidi dakika kumi kuliko mwenye kubahatisha saa nzima.

Linalonisikitisha zaidi ni kunakili. Siku hizi ziko mashine za akili bandia zinazoandika programu kwa kuombwa tu. Mwanafunzi huichukua, akaipeleka kwa mwalimu, akapewa alama nzuri. Mwulize mstari wa nne wafanya kazi gani, naye hunyamaza. Siku programu itakapokosea hesabu ya mishahara au kipimo cha dawa, nani atalitambua kosa, ikiwa sote twajua kunakili tu?

Kwa hiyo naomba chama chetu cha kompyuta kikutane mara moja kila juma mbele ya ubao, bila mashine. Mmoja atoe maagizo na mwingine ayatii kama mashine, bila kumsaidia mwenzake kwa kubuni. Tena asipewe mtu zamu ya kompyuta ila ameleta programu aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Hapo mtoto ambaye kwao hakuna hata taa ya umeme ataweza kushindana na mwenye kompyuta chumbani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na chaki tunayo.