Yaliyopita Yanapokuwa Ndwele

Katika methali walizotuachia wazee wetu, ni chache zitumikazo kwa wepesi kama ile isemayo kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo; nayo, ikitumiwa mahali pake, ina hekima kubwa, kwani imesuluhisha ndugu waliogombania shamba, imewarudisha wake kwa waume zao, na imezima fitina nyingi ambazo lau zingefukuliwa kila uchao zisingemwachia mtu jirani. Lakini wako binadamu wenzetu, tena si haba, ambao kwao yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, ndwele ya kulala nayo na kuamka nayo, na mtu awaambiapo methali hiyo kwa nia njema huwa amewafungia mlango waliokuwa wakiubisha. Nakusudia kusema habari za watu hao, na hasa wale wenye msiba juu ya msiba, waliopatwa na kiwewe kisha wakawa hawana mzazi wala ndugu, hawana sahibu wala jirani wa kuwaauni.

Madaktari wa akili waliyatambua rasmi maradhi haya ya kiwewe mwaka 1980, pale jumuiya ya madaktari hao ya Marekani ilipoyaingiza katika kitabu chake cha kuainisha maradhi, baada ya madai mengi ya askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Alama zake zinajulikana. Tukio humrudia mtu katika ndoto, na mchana humjia kwa harufu au sauti ndogo, naye hulipitia upya mwili ukitetemeka na moyo ukienda mbio, ilhali walio karibu naye hawaoni kitu. Hukimbia mahali na maneno yanayomkumbusha tukio. Hushtuka kwa mlango uliosukumwa na upepo. Hukasirika upesi, hukosa usingizi, huona haya kwamba yeye alisalimika na wenziwe wakafa. Hali hiyo ikidumu zaidi ya mwezi na kumzuia asiendeshe maisha yake, hapo ndipo daktari hulitaja jina la maradhi. Hayana uhusiano na uhaba wa imani, wala hayachagui waoga, kwani yamewashika wavuvi waliozeeka baharini na askari wenye nishani.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa imeondoka Unguja kwenda Pemba na abiria wengi kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Watu zaidi ya 600 waliokolewa, baadhi yao wakiwa wameelea juu ya magodoro yaliyokuwa katika shehena. Maiti 203 zilipatikana. Na wengine wengi mno hawakuonekana tena. Zikatangazwa siku tatu za maombolezo katika nchi nzima, na kabla hata mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, meli nyingine, MV Skagit, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe.

Sasa tumfikirie mwanamke aliyekuwa akirejea Pemba usiku ule pamoja na mumewe na wanawe, akatolewa majini peke yake, kisha, kwa kuwa hakuweza kuitazama nyumba yake wala bahari iliyo mbele yake, akahamia mjini mahali asipojulikana, katika chumba cha kupanga, akiuza vitumbua asubuhi. Majirani wanajua kwamba hazimi taa usiku. Wanajua kwamba upepo wa kusi ukivuma na mabati yakagonga, yeye hutoka nje hata ikiwa saa nane ya usiku, akasimama uwanjani mpaka utulie. Wasichokijua ni kwa nini analala juu ya mkeka mtupu ilhali alipewa godoro zima na watu wa sadaka: godoro ndilo alilolikumbatia usiku ule kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umemshika mtoto, na ni mkono ule wa pili uliochoka. Akienda zahanati husema moyo unamwenda mbio na kichwa kinamuuma; hupimwa malaria, hupewa vidonge vya maumivu, hurudi. Wapangaji wenziwe husema yule bibi ana majini.

Sisi watu wa pwani tuna haki ya kujisifu kwa jinsi tunavyosimama na mfiwa. Majamvi hutandikwa, majirani hupika, hitima husomwa, na mwenye msiba haachwi kulala peke yake nyumbani. Lakini matanga huanuliwa siku ya tatu, na baada ya arobaini kila mtu huwa amerudi katika shughuli zake, akiamini kwamba wajibu umetimia. Na huo ndio wakati hasa ambapo kiwewe, kilichokuwa kikiwaka chini kwa chini kama moto wa pumba, huanza kuonekana kwa macho. Utaratibu wetu ulipimwa kwa cheo cha huzuni, haukupimwa kwa cheo cha hofu. Na kwa yule ambaye maiti zake hazikupatikana, asiyeosha wala asiyezika, hata arobaini yenyewe haina siku ya kuanzia iliyo wazi, na kwa yule ambaye akraba zake wote walikuwa katika chombo kimoja naye, watu wa kumwekea matanga ndio hao hao waliozama.

Wala asidhani msomaji kwamba nasema habari za visiwani tu. Mjini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, ulisikika kwanza mlipuko mdogo kwenye ubalozi wa Marekani, na watu wa maofisi ya jirani wakakimbilia madirishani kutazama. Bomu kubwa lilipolipuka, vioo viliwapiga usoni, na wengi wakapofuka papo hapo. Watu 213 walikufa mjini humo, na walionusurika wamezeeka sasa, kila mmoja kwa bahati yake ya kuwa na watu au kutokuwa nao. Waliofukuzwa makwao katika fujo za baada ya uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2007 walitawanyika katika miji wasiyokuwa na ukoo ndani yake. Wako Wakongomani wa Kivu waliofika Nyarugusu, Kampala na Nairobi wakiwa wamempoteza kila mtu aliyeijua lakabu yao ya utotoni. Wako mabinti waliokwenda Arabuni kutumika majumbani, wakapigwa na kudhalilishwa, wakarudi kimya, na kwa kuwa waliondoka wakiaga kwa matumaini na madeni, hawathubutu kumwambia hata mama aliyewazaa.

Upweke wa namna hii una uzito wake katika elimu ya maradhi yenyewe. Mwaka 2000, Chris Brewin na wenzake wa Uingereza walizipitia tafiti nyingi kutaka kujua ni nini kinachowafanya baadhi ya watu waugue ilhali wengine waliopatwa na jambo lile lile hupona wenyewe, wakaona kwamba kukosa watu wa kumwauni mtu baada ya tukio ni miongoni mwa sababu zenye nguvu kuliko zote, kupita umri wake na kupita elimu yake. Kwa lugha nyepesi, yanayotendwa au yasiyotendwa kwa mtu katika miezi ya baadaye yana sehemu kubwa katika kuamua kama atapona. Nami natoa katika hayo hukumu ambayo pengine itawaudhi baadhi ya watu: sehemu ya maradhi haya tunaisababisha sisi wenyewe, kwa ajizi yetu.

Twaisababisha, kwanza, kwa maneno. Anayeambiwa kila siku kwamba ashukuru amesalimika hufahamu kwamba machozi yake yanahesabiwa kuwa ni kufuru, naye hunyamaza. Anayeambiwa asahau huona kwamba ameshindwa jambo jepesi. Kuna na kosa la upande wa pili, nalo ni kumshika mtu siku ile ile ya msiba na kumlazimisha aeleze kila alichokiona, kwa dhana kwamba atatua mzigo. Wataalamu waliolijaribu jambo hilo waligundua kwamba halimkingi mtu na maradhi, na laweza kumdhuru. Siku zile za mwanzo ahitaji usalama, chakula, habari za kweli kuhusu watu wake, na mtu wa kukaa naye, azungumze akitaka, anyamaze akitaka. Na vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu, ambavyo huuzwa madukani kwa wepesi wa kusikitisha, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 kwamba watu wazima wasipewe kwa ajili ya alama za mshtuko za mwezi wa mwanzo.

Je, mtu asiye na mtu afanyeje? Swali hili lapaswa kujibiwa kwa insafu, maana ushauri mwingi utolewao huanza kwa kumwambia mgonjwa azungumze na jamaa zake, na huyu hana. Nasema kwamba kuna mambo awezayo kuyafanya peke yake, nayo si badala ya tiba, lakini humshikilia asianguke. Tukio limjiapo, aweke nyayo zake sakafuni, aguse ukuta au meza, ataje kwa sauti jina la mtaa aliopo na tarehe ya leo, atoe pumzi polepole kwa muda mrefu kuliko alioivuta, mpaka mwili utambue kwamba hatari ilikuwa ya siku ile na haipo hapa. Siku yake aipe nguzo za wakati, na hapa wenye dini wana neema kubwa, kwani sala tano au ibada ya asubuhi humtoa mtu kitandani hata pale nafsi inapokataa. Ajihadhari na pombe, maana usingizi wake ni wa kukopa, na mirungi, maana huufukuza usingizi. Mahali anapopakimbia aparudie kidogo kidogo, leo mpaka njia panda, wiki ijayo mpaka sokoni, kwani kila siku anapopaogopa ndipo panapozidi kutisha. Aijue mapema siku ya mwaka inayorejesha msiba, apange kabla haijafika atakuwa wapi na atafanya nini.

Kisha ajitafutie watu, japo kwa kipimo kidogo. Hapa hatakiwi kumfungulia mtu moyo wake siku ya kwanza. Yatosha kununua maandazi kwa mama yule yule kila asubuhi mpaka aanze kuulizwa hali asipoonekana. Yatosha kuingia katika upatu, katika darsa, katika kwaya, mahali ambapo kutokuja kwake kutatambuliwa. Mtu ambaye kutoonekana kwake kutaulizwa ameanza kuwa na watu.

Na kuhusu tiba yenyewe, naomba wasomaji wajue jambo lililotendeka Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda, ambako Kiswahili cha Wakongomani husikika kila pembe. Wataalamu wa Kijerumani, Frank Neuner na wenzake, waliwafundisha wakimbizi wa kawaida, wasio madaktari, namna ya kuwatibu wenzao wa Kinyarwanda na wa Kisomali, wagonjwa walioshiriki katika majaribio wakiwa 277, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Katika tiba hiyo, mgonjwa huweza kutandaziwa kamba sakafuni iwe ndiyo umri wake, naye huweka ua mahali pa kila furaha na jiwe mahali pa kila msiba, kuanzia kuzaliwa kwake hata leo. Kisha, kikao baada ya kikao, husimulia maisha yake kwa mpango, akifika kwenye jiwe asiliruke, aseme alichokiona, alichokisikia na kilichompita mwilini, huku msikilizaji akiandika. Kikao kifuatacho husomewa yaliyoandikwa, akayasahihisha, na mwisho hukabidhiwa habari ya maisha yake yote iliyotiwa saini. Katika majaribio yale, miezi tisa baadaye, takriban saba katika kila kumi waliotibiwa hivyo hawakuwa tena na maradhi, ilhali miongoni mwa waliofuatiliwa tu bila tiba walikuwa chini ya wanne katika kumi. Tafakari jambo hili: waliotibu walikuwa wakimbizi, na wakimbizi ndio waliotibiwa.

Harare nako, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa mitaani kukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza walioelemewa na dhiki na mawazo. Kazi hiyo imeigwa katika nchi kadhaa, na hata Zanzibar imefika. Basi hatuna udhuru wa uhaba wa madaktari. Kenya imekwisha kuwa na wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaobisha hodi majumbani. Nawaomba wakuu wa wizara wawafundishe kuuliza habari za usingizi na hofu kama wanavyouliza habari za shinikizo la damu. Unguja na Pemba, kila sheha awe na watu wawili waliofundishwa, mwanamume na mwanamke, na baada ya kila ajali kubwa iandikwe orodha ya walionusurika, watembelewe mwezi wa pili, mwezi wa sita na mwaka ukitimia, wakianzwa wasio na jamaa. Maimamu na mapadri waendelee kuwasomea na kuwaombea wagonjwa, jambo lenye faraja kubwa, lakini wasimzuie mtu kwenda hospitali kwa kumwambia kwamba ana shetani.

Nawe unayesoma haya peke yako chumbani, ambaye siku ile haijakuacha, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Usiseme kichwa tu. Mwambie mhudumu kwamba ulipatwa na jambo mwaka fulani, na kwamba tangu hapo hulali, unashtuka, na unaliona jambo lile mchana. Akikupima malaria na kukuambia huna kitu, usiinuke kitini, mwombe akuandikie rufaa ya kwenda kwa mtaalamu wa afya ya akili. Ni haki yako kama ilivyo haki ya aliyevunjika mguu.