Tunapimwa kwa mtandao usiotufikia

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi kijijini, bonde la Ziwa Rukwa, mwaka wa 9 sasa. Kila walimu wa vijijini tukitajwa, utasikia tunakimbia mazingira magumu. Mazingira tumeyazoea. Tuko walimu 6 kwa wanafunzi 540. Gawanya kwa ule uwiano wa Serikali wa wanafunzi 45 kwa mwalimu 1 uone tulipaswa kuwa wangapi. Na bado kengele inagongwa, vipindi vinaingiwa.

Kinachotukata moyo ni kingine. Siku hizi mtumishi anapimwa kwa PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi ya zile fomu za OPRAS. Mwalimu anajaza majukumu yake mtandaoni, mimi msimamizi wake nayapitia. Sawa. Ila hapa kwetu mtandao unashika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya shamba la shule, tena uinyanyue simu juu. Jioni utatukuta pale tumepanga foleni, bando letu wenyewe, chaji tumelipia shilingi 500 dukani. Juzi mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye watoto 118, alikaa pale mpaka saa 2 usiku. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, simu ikazima. Asubuhi saa 1 na nusu yuko darasani anawaimbisha watoto irabu. Kwenye mfumo, wiki hiyo hakufanya kitu.

Nikapiga simu wilayani. "Mwalimu, mbona wenzako wamejaza?" Wenzangu hao wako barabarani, kwenye lami! Basi nikapanda bodaboda, 30,000 kwenda na kurudi, mfukoni nina simu 5 za walimu wangu na nywila zao kwenye karatasi ya daftari. Najua hairuhusiwi. Lakini usipojaza, utapandaje daraja?

Mwaka 2012 walimu tulipogoma, mojawapo ya madai lilikuwa posho ya mazingira magumu, asilimia 30 ya mshahara. Mahakama ikasimamisha mgomo, tukarudi darasani, na asilimia hizo sijaziona kwenye hati yangu ya mshahara mpaka leo. Sizidai hapa. Naomba kitu cha bei rahisi zaidi: shule zisizo na mtandao ziruhusiwe kujaza fomu za karatasi, Afisa Elimu Kata azipokee, ziingizwe kwenye mfumo hukohuko halmashauri kwenye kompyuta na umeme.

Yule mwalimu wa darasa la kwanza ameshaomba uhamisho. Nao siku hizi unaombwa mtandaoni, kwa hiyo alipanda kichuguu kilekile. Safari hii ukurasa ulifunguka mara moja.

Mwalimu Mkuu,
Rukwa