Ndugu Yangu Hakuwa Mwizi, Ni Meno ya Sproketi

Wasomaji wengi wa safu hii wamekuwa wakiniuliza jambo moja. Je, ni busara mtu anayeishi Nairobi au Kisumu kumnunulia ndugu yake pikipiki ya bodaboda kule nyumbani? Wengine wameshanunua, nao wanalalamika kwamba pesa haziletwi. Leo nitawajibu kwa kisa changu mwenyewe, ingawa kisa chenyewe hakinipi sifa.

Mwezi wa Oktoba 2021 nilimnunulia mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, pikipiki mpya kutoka duka moja mjini Migori. Sisi ni watu wa Nyatike, upande ule ambao Kaunti ya Migori inateremka kuelekea Ziwa Victoria. Mapatano yetu yalikuwa rahisi: aniletee shilingi 300 kwa siku, siku sita kwa juma, hadi nirudishiwe nilichotoa, kisha pikipiki iwe yake. Mwezi wa kwanza alituma bila kukumbushwa. Wa pili akaanza kukatakata. Kufikia Januari, kila nilipopiga simu alikuwa na habari mpya ya mkosi. Mara pleti za klachi zimeungua, mara petroli inaisha upesi, mara cheni imekatika akiwa amebeba magunia mawili ya omena na mwenye omena anataka alipwe.

Pleti zilipoungua mara ya pili, nilimwambia neno ambalo hadi leo nalijutia. Nilimwambia, "Hiyo klachi unaila wewe." Alinyamaza, akakata simu. Usiku huohuo mama alinipigia, akaniuliza kama ni kweli nimemwita mwanawe mwizi. Sikuwa na jibu.

Naomba msomaji asinihukumu upesi, kwani najua siko peke yangu. Tangu mwaka 2008, Serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo zisizozidi 250 cc, pikipiki imekuwa ndiyo duka, ng'ombe na shamba la vijana wengi wa mashambani, na aghalabu mwenye kutoa pesa ni dada au kaka aliye mjini ambaye hajawahi kuipanda barabara inayofanyia kazi.

Nami sikuwa nimeipanda. Mwezi wa Aprili 2022 tulikwenda nyumbani kumzika shangazi yetu, na mvua za masika zilikuwa zimekolea. Gari lililotuleta lilituacha penye lami. Kutoka hapo hadi bomani hapakuwa na njia nyingine ila kupanda pikipiki ya mdogo wangu, ile niliyokuwa nikiizungumza kwa simu kama kwamba ni kitabu cha benki.

Barabara kubwa za kwetu nyingi zimetiwa lami, hilo lazima tulishukuru. Lakini bodaboda wa Nyatike hapati riziki yake penye lami. Anaipata kwenye vijia vya kuteremka ufuoni kuchukua samaki, ambako kuna mchanga. Anaipata kwenye mashimo ya dhahabu ya upande wa Macalder, akibeba magunia ya mawe kuyapeleka kwenye mashine za kusaga. Na baina ya huku na huku kuna ule udongo mweusi wa mbuga za Mto Kuja, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa mvua hugeuka gundi. Nilikuwa nyuma yake na mkoba wangu mmoja tu, wala si gunia la mawe, na bado nilisikia injini ikigugumia. Gia ya kwanza ilikuwa inakimbia mno kwa tope lile, kwa hiyo alilazimika kushika klachi nusu nusu ili injini isizimike. Tulipofika nilinusa kitu kama mpira ulioungua. Hakusema neno, nami sikusema.

Kesho yake nilimwomba anipeleke kwa fundi wake pale Sori. Kusema kweli nilikwenda kama askari wa upelelezi. Fundi ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Nilipomweleza habari yangu hakujitetea wala hakumtetea kijana. Alifungua kifuniko cha kando ya injini, akanipa kipande cha chaki, akaniambia, "Binti yangu, wewe umesoma. Hesabu meno."

Nikahesabu. Sproketi ya mbele, ile ndogo inayozungushwa na injini, ilikuwa na meno 15. Ya nyuma, kubwa, iliyofungwa kwenye gurudumu, ilikuwa na meno 42.

"Gawanya."

Arobaini na mbili kwa kumi na tano ni 2.8. Maana yake, sproketi ya mbele huzunguka mara mbili na sehemu nane za kumi ili gurudumu la nyuma lizunguke mara moja. Aliyewahi kuendesha baiskeli ya gia analijua jambo hili miguuni hata kama halijui kwa hesabu: penye kilima unapeleka cheni kwenye sproketi kubwa ya nyuma, unakanyaga mara nyingi, unakwenda polepole, lakini unapanda. Pikipiki nayo ina gia zake ndani ya injini, ila zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, hupitia sproketi hizo mbili. Ukibadilisha meno umebadilisha gia zote kwa pamoja.

Mzee akaniambia nigawanye tena, safari hii kwa 14. Jibu ni 3 kamili. Kwa jino moja tu lililopunguzwa mbele, gurudumu linapata nguvu zaidi kwa takriban asilimia saba. Malipo yake ni mwendo. Pale ambapo pikipiki ilikuwa ikienda kilomita 70 kwa saa, kwa mizunguko ileile ya injini sasa itakwenda 65 hivi. Nani anakwenda kilomita 70 kwa saa na gunia la mawe kwenye udongo mweusi?

Angeweza pia kupata 3 ileile kwa kuiacha ya mbele na kuweka ya nyuma yenye meno 45, maadamu 45 kwa 15 ni 3. Lakini sproketi kubwa ya nyuma ni ghali kuliko ndogo ya mbele, na huenda cheni ikawa fupi ikabidi iongezwe. Ya mbele hubadilishwa upesi, gurudumu likavutwa nyuma kidogo, basi. Mdogo wangu, aliyekuwa amekaa kimya kwenye kibao, akauliza kwa nini wasiweke 13 kabisa. Mzee akakataa. Alisema cheni ikizunguka kigurudumu kidogo mno hujikunja sana, na cheni inayojikunja sana inakwisha mapema. Tungekuwa tumeokoa klachi ili tuje kununua cheni.

Kisha akanionyesha sproketi ya zamani aliyokuwa ameitupa kwenye ndoo. Meno yake yalikuwa yamepinda upande mmoja kama kucha za mwewe. Mtu hufunga cheni mpya juu ya meno ya namna hiyo akidhani ameokoa pesa, na meno yale huiharibu cheni hiyo upesi. Vitu vitatu hivyo, sproketi mbili na cheni, hununuliwa pamoja. Ile cheni iliyokatika na magunia ya omena ilikuwa imefungwa juu ya kucha za mwewe, na aliyekataa kutuma pesa za sproketi, wasomaji wapenzi, nilikuwa mimi.

Nilipomsimulia mpwa wangu anayesomea uhandisi hapa Nairobi, alicheka akanionyesha picha za watu wa Kanada na Marekani wanaoendesha pikipiki juu ya theluji, ambayo sisi huiona tu kileleni mwa Mlima Kenya. Gurudumu la nyuma huvuliwa likafungwa mkanda mpana wa mpira wenye meno makubwa, na mbele badala ya tairi huwekwa kitu kama ubao wa kuteleza. Mkanda ule ni mzito nao unakula nguvu ya injini, kwa hiyo wanaopanda milima yenye theluji nyingi hugawanya meno kama mzee wa Sori alivyonigawanyisha, wakitafuta gia ya chini zaidi. Ila kuna jambo moja wanalolijua ambalo vijana wetu hulisahau. Gia haishiki ardhi. Wao wamefunga mkanda ili washike theluji, kisha ndipo wanafikiria meno. Pikipiki yenye tairi kipara ukiiongezea nguvu kwenye tope, itazungusha tairi palepale na kujichimbia kaburi. Kwa hiyo mdogo wangu alinunua kwanza tairi ya nyuma yenye vijiti vikubwa.

Sasa nisikilizwe vizuri, maana hapa ndipo familia yetu ilipokosea tena. Binamu yetu anafanya bodaboda mjini Homa Bay. Aliposikia kwamba pikipiki ya Nyatike sasa inapanda kila mahali, naye akabadilisha, 14 kwa 42. Lakini yeye kutwa nzima yuko kwenye lami, akipeleka abiria mmoja mmoja stendi, sokoni na hospitali, na mara nyingine hadi Rongo. Baada ya majuma matatu alianza kulalamika kwamba injini inalia kama mbuzi akienda kilomita 60 tu, na tangi analolijaza asubuhi halimfikishi jioni kama zamani. Hakuna aliyemdanganya. Sproketi ya 15 aliyoitoa ilikuwa ndiyo hasa iliyoifaa kazi yake, kwa sababu kiwanda hutengeneza pikipiki kwa mtu wa kawaida, mwenye mzigo wa kawaida, kwenye barabara nzuri kiasi. Akairudisha. Lau angekuwa anafanya kazi milima ya Gwassi, hukohuko katika Kaunti ya Homa Bay, ningemwambia aiache.

Basi wewe unayetaka kumnunulia mtu pikipiki, muulize kwanza anabeba nini na anapita wapi wakati wa masika. Hesabu meno kabla hujaanza kuhesabu shilingi. Mwambie fundi aangalie cheni ina mchezo wa sentimita mbili hadi tatu katikati, kwani iliyokazwa mno hukatika na iliyolegea mno huruka. Wala asidhani kwamba jino moja limempa ruhusa ya kupakia watu watatu. Sheria inaruhusu abiria mmoja, na breki hazikubadilishwa siku ile sproketi ilipobadilishwa.

Pleti za klachi alizofunga baada ya safari ile zilivuka masika ya mwaka uliofuata. Shilingi 300 za mwisho aliziingiza kwenye simu yangu Novemba 2023. Nilimpigia kumshukuru, nikamwambia kadi ya pikipiki nitaibadilisha iwe kwa jina lake. Alisema ni sawa, lakini nimpigie mama kwanza, nimwambie mwenyewe kwa kinywa changu kwamba ile klachi haikuliwa na mtu.

Nilimpigia. Aliniuliza kama nina hakika, kisha akaniambia nirudie kwa sauti kubwa, maana jirani yake alikuwa hapo karibu.